Kumpimia Mtoto Magongo

Magongo ya mtoto hayakatwi kwa macho. Naanza na hilo kwa sababu nawajua nyinyi wadogo zangu wa karakana, wengine mtasoma mistari miwili kisha mkafungie maandazi karatasi yangu. Mkishika hilo moja tu, nami nitakuwa nimefanya kazi yangu. Wenye subira wavute viti.

Vyeo na mishahara sivisemi. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mshahara nilioanza nao nikiutaja mtacheka mpaka mpaliwe. Nitasema niliyoyafanya kwa mikono hii, wala sitajinyima sifa. Watu wa Tanga tunajua kusengenya kuliko kusifu, kwa hiyo mtu akingoja asifiwe na jirani atangoja mpaka kiyama. Mimi Bi Tatu wa Mabawa, mnayeniita Bi Magongo nikigeuka, nilikuwa fundi mzuri. Haya, nimeshasema.

Siku ya kwanza niliingia karakana ya hospitali nimevaa baibui jipya na viatu vya kisigino. Nilikuwa nimemaliza mafunzo ya useremala, msichana peke yangu darasani, nikidhani nitapewa kutengeneza vitanda vya wodini. Fundi mkuu alikuwa Mzee Shekiondo, Msambaa wa milimani, Mlutheri wa kwenda kanisani kila Jumapili na kununa kila Jumatatu. Siku hiyo ilikuwa Jumatatu.

"Shikamoo, baba," nikamwamkia.

"Marahaba. Umekuja harusini?"

"Nimekuja kazini."

"Kwa viatu hivyo?"

Akaenda kwenye kona, akarudi na magongo ya mtu mzima, akaniambia nivue viatu vyangu vya harusi, nikunje mguu mmoja, nitembee uani mpaka adhuhuri. Nilidhani ananikomoa. Wagonjwa wamekaa kwenye mabenchi wananitazama, manesi wanapita wanaziba midomo, nami nazunguka ule ua jasho linanitoka hadi kisogoni. Ilipoadhiniwa, makwapa yalikuwa yanawaka moto na mkono wa kushoto umekufa ganzi, hata kikombe cha maji sikuweza kukishika.

"Magongo hayo ni marefu kwako," Mzee Shekiondo akasema. "Nimekupa marefu makusudi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Sasa chukua randa tuanze kazi."

Nilimchukia kwa siku kadhaa. Baadaye nilimpenda kama baba yangu mzazi, nalo sikuwahi kumwambia kwa kuwa angeninunia. Mwezi wa Ramadhani alikuwa anakunywa chai yake nyuma ya rundo la mbao ili nisimwone. Harufu ya tangawizi nilikuwa naisikia vizuri tu, ila sikumwambia. Heshima ni kitu kizuri hata ikinukia tangawizi.

Kupima ndivyo hivi, na wale mnaojua msikilize tena. Mtoto asimame wima, mabega ameyaachia, viatu anavyovaa kila siku viko miguuni. Ncha ya gongo ikae mbele kidogo na kando kidogo ya mguu, umbali wa kiganja. Kisha tazama kwapani, kati ya kwapa na kichwa cha gongo vipite vidole viwili au vitatu. Mara ya kwanza nilitia vidole vyangu, Mzee Shekiondo akanipiga konzi ndogo ya kichwa.

"Vidole vya nani?"

"Vyangu, baba."

"Kwani wewe ndiye utakayeegemea? Tia vidole vya mtoto mwenyewe!"

Mshikio nao ukae usawa wa kifundo cha mkono, mkono ukiwa umening'inia, ili akishika kiwiko kikunjike kidogo. Uzito wa mwili unabebwa na viganja, si makwapa. Gongo refu linaminya mishipa ya kwapani, mkono unakufa ganzi, na mtoto mliyempa miguu mkawa mmemnyang'anya mikono. Gongo fupi linampinda mgongo, na mtoto aliyepinda mgongo anatembea akitazama ardhi. Mimi nilitaka watoto wangu watazame mbele, wamwone nani anawacheka, wamjibu.

Shida haikuwa vipimo. Shida ilikuwa wazazi. Mwaka wangu wa pili alishuka mkulima mmoja kutoka Maramba, na mwanawe wa kama miaka saba, na gunia la machungwa ambalo Mzee Shekiondo alilipokea kwanza ndipo akaitikia salamu. Nikampima mtoto vizuri, baba mtu akatikisa kichwa.

"Fundi, mkatie marefu marefu. Akue nayo."

Mnalijua neno hilo. Sare ya shule akue nayo, viatu akue navyo, kanzu ya Idi akue nayo. Sote tumelelewa tukiburuza pindo. Nikamwambia, "Baba, shati likiwa kubwa atakunja mikono. Gongo atalikunja wapi?"

Akacheka, kisha akakunja uso. "Kwa hiyo nirudi tena mwakani?"

"Mwakani na mwaka wa pili yake. Kila akirefuka mlete. Mimi nipo, siendi popote."

Akamleta, kila mwaka, na machungwa. Yule mtoto leo ni mwalimu hukohuko Maramba, ana ndevu, na akiwa na shughuli mjini lazima apite karakana asimame mlangoni wima aniambie, "Bibi, nipime." Hajarefuka tangu zamani, anajua fika, ila nampima hivyo hivyo, nafurahi.

Mwingine alikuwa mfanyabiashara wa Horohoro, aliyemnunulia binti yake magongo ya mtu mzima ng'ambo ya mpaka, akayakata chini kwa msumeno wa nyumbani. Kwapani yalimkaa sawa, baba akajiona fundi. Lakini mshikio haukupandishwa, ukabaki chini kabisa, mtoto anauinamia utadhani anachota maji kisimani. Ukikata chini lazima upandishe mshikio. Nimelisema mara nyingi mpaka paka wa karakana analijua.

Wala msidhani ni sisi tu wa pwani. Alitujia mama mmoja kutoka nchi za baridi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, mcheshi, alikaa nasi miezi akajifunza hata kula pweza. Akanisimulia kwamba kwao watoto hufungwa mbao ndefu miguuni, wakateleza mlimani juu ya theluji, kwa starehe, si kwa adhabu. Mbao zile kwa mtoto anayeanza zisimame kati ya kifua na kidevu chake, na mzazi mwenye busara anazipima hivyo dukani. "Na asiye na busara?" nikamuuliza. Akasema hununua zinazompita kichwa, ili mtoto akue nazo, na mtoto anashindwa kuzigeuza, anaishia kwenye miti. Wallahi nilicheka mpaka nikashika meza. Kumbe baba wa Maramba ana ndugu zake kwenye theluji!

Mzee Shekiondo alistaafu, akarudi milimani kwake, akaniachia randa yake bila hotuba. Baadaye yakaja magongo ya chuma chepesi, yenye vitundu na kitufe, ukibonyeza linarefuka, ukibonyeza linafupika. Mazuri, sitayasema vibaya. Ila kuna kijana wetu mmoja, simtaji, ana mke sasa, alidhani kitufe ndicho kinachopima. Kitufe hakimjui mtoto, nyinyi ndio mnaotakiwa kumjua. Nami nitawaambia nilivyomjua Riziki, kwa kuwa katika kazi zangu zote hiyo ndiyo ninayotaka mnikumbuke nayo.

Riziki ni mtoto wa Mabawa, mtaa wa nyuma ya kwangu, alikuwa na miaka kumi na moja wakati huo. Ugonjwa wa mfupa ulimla nyonga ya kulia akiwa mdogo sana, mguu ule ukabaki mwembamba, haubebi uzito. Analelewa na bibi yake, Bi Mwanaisha, mwanamke msafi kuliko hospitali. Magongo ya Riziki nilikuwa nayakata mimi, ya mninga, tangu alipoanza kusimama, kwa sababu yale ya chuma alisema yanapiga kelele kama sufuria. Mtoto mwenye maneno yake.

Asubuhi moja Bi Mwanaisha akaingia karakana na Riziki nyuma yake. Nilikuwa nimempa magongo mapya miezi michache nyuma.

"Bi Tatu, nimekuja na aibu," akasema. "Mjukuu wangu kayakataa magongo. Anaanguka."

Magongo yangu mimi, mtoto aanguke? Nikaona kama nimetukanwa mbele ya watu. Nikamsimamisha Riziki na viatu vyake vya shule, nikapima, nikapima tena. Vidole vyake vinapita, kiwiko kimekunjika, raba za chini nzima. Hakuna kasoro hata ya uzi.

Bi Mwanaisha akakaa kwenye benchi, akaanza kulia. Ndipo akanieleza. Riziki alikuwa amekhitimu msahafu, wa kwanza katika wenzake, na Maalim Athumani alikuwa amemchagua afungue Maulidi ya chuo kwa kusoma Qur'ani mbele ya watu wote wa Mabawa. Lakini wiki iliyopita aliitwa mbele chuoni afanye mazoezi, akaanguka katikati ya wenzake, chali, nguo ikampanda, watoto wakacheka. Tangu siku hiyo haendi chuo. Maulidi yamekaribia, na bibi mtu alikuwa amepanga mjomba wa mtoto ambebe mpaka mbele, amkalishe, asome, ambebe tena kumrudisha.

"Sibebwi," Riziki akasema. Ndilo neno lake la kwanza siku ile.

"Riziki!"

"Bibi, mimi mkubwa. Nikibebwa sisomi. Bora asome mwingine."

Akaanza kulia naye, kwa hasira, bila sauti, kidevu kimejaa mikunjo. Nafasi aliyoipata kwa jasho lake alikuwa anaitupa, nami nilimwelewa kabisa. Mtoto wa kike wa miaka kumi na moja, mbebe mbele za watu kama kapu la samaki, halafu umwambie asome vizuri! Hata mimi nisingesoma.

Nikamwuliza taratibu, "Shuleni unaanguka?"

"Sianguki."

"Njiani?"

"Njiani nawapita wenzangu."

"Unaanguka wapi?"

"Chuoni tu. Na nyumbani mara mojamoja, nikiwa ukumbini."

Nikawaambia, rudini nyumbani, jioni nitawakuta chuoni. Ninaloliandika sasa ndilo nililotaka mlisome. Mtoto akianguka mahali fulani tu, acheni kubonyeza vitufe. Nendeni hapo mahali.

Jioni nikasimama ng'ambo ya mlango wa chuo. Riziki akaja na bibi yake, nusu anasukumwa. Kufika kizingitini akavua viatu, kama tuvuavyo sote. Bi Mwanaisha naye akapiga magoti, akatoa pindoni mwa kanga vitambaa viwili vyeupe, vimepigwa pasi, akavifunga kwenye ncha za magongo kwa mpira, taratibu, kwa mapenzi. Magongo yanakanyaga barabara, barabara ina kila uchafu, na mikeka ya ndani ni ya kusalia. Hakuna aliyemwamuru. Alifanya kwa adabu yake mwenyewe ili najisi isiingie.

Nikashika kichwa. Wadogo zangu, hebu fikirini. Raba niliyoichonga mistari ili ing'ang'anie chini imefunikwa kitambaa laini kilichopigwa pasi, na chini yake mkeka wa plastiki juu ya saruji. Na kiatu cha shule, chenye soli nene kama kitumbua, kimebaki nje. Mtoto ameshuka, magongo hayakushuka. Ndani ya kile chuo, kama ukumbini kwa bibi yake, alikuwa anatembelea magongo marefu yenye soksi. Ajabu si kwamba alianguka, ajabu ni kwamba alifika popote.

"Bi Mwanaisha," nikamwita, "hivyo vitambaa ndivyo vinavyomwangusha."

Akanitazama kama nimemtukana mama yake. "Bi Tatu, astaghfirullahi! Niache mtoto aingize mavi ya mbuzi kwenye mikeka ya sala?"

Maalim Athumani akasikia, akatoka. Mtu mpole, sauti yake haipandi. Nikamweleza. Akainama, akavigusa vile vitambaa, akasikitika kweli. "Mimi nilisema tu mikeka itunzwe," akasema. "Sikujua mtoto analipa kwa mifupa yake. Tufanyeje?"

Nikamgeukia Bi Mwanaisha. "Nyumbani kwako kandambili za chooni zinaingia chumbani?"

"Haziingii! Zinakaa mlangoni mwa choo."

"Na za chumbani zinatoka nje?"

"Hazitoki."

"Basi mpe mtoto magongo ya ndani. Yakae humu, yasikanyage barabara hata siku moja. Ya nje yatabaki mlangoni na viatu."

Akatazama viatu vilivyopangwa kizingitini. Kisha akasema, "Jozi mbili kwa mtoto mmoja? Watu watasemaje?"

"Watasema Riziki ana mambo makubwa," Maalim akajibu. Riziki akacheka, akaziba mdomo haraka kwa sababu alikuwa bado amenuna.

Nyinyi mliokuwapo karakana mnakumbuka yaliyofuata. Nilitandika mkeka wa plastiki sakafuni, nikawavua viatu nyote, na mwenye soksi iliyotoboka alionekana. Nikachonga mninga kwa randa ya Mzee Shekiondo. Raba nikakata pana kuliko kawaida, kutoka kwenye tairi ambalo halijawahi kutembea, maana bibi yake alikuja kulikagua mwenyewe, akaliosha, akaliosha tena. Riziki akasimama peku juu ya mkeka, akatia vidole vyake kwapani, akaanza kunituma.

"Kidogo tena, bibi. Chini. Hapo hapana. Hapo."

"Wewe ndiye fundi?"

"Mimi ndiye nitakayeegemea."

Loh! Nilitamani Mzee Shekiondo angekuwapo amsikie. Nilimwaga maji kidogo juu ya mkeka, nikamwambia apite, akapita. Nikalaza kamba mkekani airuke, akanitazama kwa dharau, akairuka. Nilijua nimeipata. Nikajifanya natafuta msasa, msije mkaniona ninavyocheka.

Bibi mtu hakuamini. Alishukuru, akabusu mikono yangu, kisha akaenda kumkumbusha mjomba kwamba siku ya Maulidi asikae mbali. Alikuwa ameona mara moja jinsi watoto walivyomcheka mjukuu wake, na ile sauti haikumtoka masikioni. Nami sikumlaumu, maana karakana ni karakana na halaiki ni halaiki. Mbele ya watu hata mzima wa miguu hujikwaa.

Siku ikafika. Turubai limefungwa mtaa mzima, mikeka imetandikwa, ubani, kina mama upande huu na kina baba upande ule, katikati njia nyembamba ya kwenda mbele ilipo meza na kipaza sauti. Nilikaa karibu na Bi Mwanaisha. Alikuwa ameushika mkono wangu kwa nguvu, kucha zinaniingia. Magongo ya nje yalikuwa ukingoni mwa mikeka, kando ya viatu vya watu, na ya ndani Riziki ameyalaza mapajani, mapya, yananukia mbao.

Maalim akaita jina lake. Watu wakageuka. Yule mjomba, mtu mwenye mapenzi na kifua kipana, akasimama kwenye safu ya wanaume, akaanza kuja kwetu mikono ameifungua.

Riziki akainuka. Akapanga magongo mbele kidogo, kando kidogo, nilivyomfundisha. Kisha akasema, si kwa kupiga kelele, ila watu wote walikuwa kimya na kila mmoja alimsikia, "Mjomba, ahsante. Usinibebe. Naomba njia."

Mjomba akasimama katikati ya mikeka. Akamtazama Bi Mwanaisha, Bi Mwanaisha akanitazama mimi. Mimi sikumtazama mtu, nilikuwa naziangalia raba. Mjomba akasogea kando, akakunja kanzu yake, akakaa chini pale alipofika.

Riziki akaenda. Hatua ya kwanza alijaribu, ya pili akaiamini. Akapita kwenye maungio ya mikeka, pale pindo lilipopanda juu ya pindo, akainua ncha akaliruka bila kutazama chini. Uso ulikuwa mbele, kwa Maalim, kwa watu. Watoto waliomcheka walikuwa wamekaa safu ya mbele kabisa, wakavuta miguu yao haraka kumpisha. Akaongeza mwendo. Niliyasikia magongo yangu yakigonga mkeka, tup, tup, tup, yanashika kila yanapogusa, na machozi yakaanza kunitoka bila kuniomba ruhusa, nikayaacha yatoke, maana nilikuwa na haki nayo.

Bi Mwanaisha akanivuta baibui.

"Bi Tatu," akaninong'oneza, "mwambie apunguze mwendo."

Nikafungua kinywa nimwite, nikachelewa. Riziki alikuwa keshafika mbele, keshavuta pumzi, keshaanza kusoma.